Malimba Tisa, Kosa Moja

Kiharusi kilimkuta Zefania shambani akipalilia mtama, mwaka ule wa mvua za El Nino zilipozoa tuta la reli na treni ikakaa siku nyingi bila kupita. Kilimpiga upande wa kushoto. Mdomo ulipinda, mguu ukawa gogo, na mkewe Damari akamkuta amelala kwenye matope anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Wakambeba kwa mkokoteni wa ng'ombe, kisha kwa lori, hadi hospitali ya misheni. Huko alikaa wiki tatu. Mungu si Athumani: mdomo ulirudi, mkono ukarudi, mguu nao ukarudi nusu, wa kuburuta. Watu wa kijiji chao, kile kilicho kando ya reli upande wa Kintinku, walikuja kumpa pole na pongezi kwa pamoja, wakala ugali na mlenda, wakaenda zao wakisema mzee amepona.

Mwenyewe pia alidhani amepona. Jumatano ya kwanza tangu arudi nyumbani aliketi kwenye kigoda mlangoni, akachukua ilimba lake. Ilimba ni ile marimba ya Wagogo: sanduku la mti wa mninga, na juu yake ndimi nyembamba za chuma zilizopangwa mstari, unazibonyeza kwa vidole gumba. Ubavuni mwa sanduku pana tundu dogo lililozibwa kwa utando wa mayai ya buibui, na utando huo ndio unaofanya sauti itetemeke kama ya mtu anayejizuia kulia. Hilo la Zefania lilikuwa la babu yake. Akaweka vidole, akapiga wimbo aliokuwa ameupiga tangu hajaota ndevu.

Zilitoka kelele. Hakuna neno lingine. Ilikuwa kama mtu anamwaga misumari kwenye sufuria.

Aliligeuza ilimba, akalikagua. Ndimi zote zilikuwa mahali pake, nta ilikuwa mahali pake, utando wa buibui haukutoboka. Akapiga tena, polepole. Misumari kwenye sufuria. Wakati huo Damari alikuwa ndani anapepeta uwele, na Zefania akamsikia akianza kuufuata ule wimbo kwa kuguna, kama alivyozoea. Kisha akatoka nje na ungo mkononi, macho yamelowa.

"Asante Mungu," Damari alisema. "Mikono imerudi, Baba Samweli. Umepiga vizuri kuliko hata zamani."

Hapo ndipo alipojua kwamba ubovu haukuwa kwenye ilimba.

Alirudi hospitali peke yake, akisingizia dawa za presha. Daktari alikuwa mama mmoja mpole, mtu wa Kilimanjaro, hakumcheka. Aligonga kalamu mezani, Zefania akasikia. Alimsemesha kwa kunong'ona nyuma ya mgongo, akasikia. Kisha akaimba ubeti wa wimbo wa kanisani, na Zefania akamwambia kwa adabu kwamba maneno ameyapata, lakini ule mwendo wa juu na chini hakuuona, ni kama mama anasoma tangazo huku ana kikohozi. Daktari akachukua karatasi, akachora kichwa cha mtu, akaweka alama upande wa kulia juu ya sikio.

"Masikio yako mazima, mzee," alisema. "Na mikono yako inakumbuka kazi yake, maana kumbukumbu ya mikono inakaa mahali pengine. Ila hapa, hapa ndipo ubongo unapokusanya milio na kuifanya wimbo. Hapa pamekosa damu. Pamekufa."

"Patapona lini?"

"Mara nyingi hapaponi."

Zefania aliutazama ule mchoro. Maisha yake yote alikuwa akiwaambia vijana kwamba wimbo unakaa kifuani. Ukitaka kupiga, shusha pumzi, uache moyo useme. Alikuwa akigonga kifua anaposema hivyo, na watu wakimwamini, kwa sababu nani angebisha.

"Kwa hiyo wimbo hauko moyoni," alisema.

"Moyo unasukuma damu tu, mzee wangu. Wa kwako unasukuma vizuri."

Daktari alidhani anampa habari njema. Zefania alitoka pale akiwa na moyo mzima, na hakuwa na cha kuufanyia.

Hakumwambia mtu. Sasa wewe unayesoma utasema, si angesema tu? Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na masikio yako. Zefania alikuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma chenye malimba tisa, na yote tisa, kuanzia lile la babu hadi la kijana wa mwisho, yalikuwa yamelinganishwa kwa sikio lake. Watu walioachishwa kazi reli walikuwa wanakula kwa kikundi hicho. Mwanawe Samweli alikuwa mmojawapo. Alishika sururu kwenye gengi la reli miaka tisa, hadi soko huria lilipokuja na maneno yake matamu na wenye sururu wakaambiwa wamepunguzwa. Siku hizo chama kilikuwa kinahitaji ngoma, harusi za wafanyabiashara wa Singida mjini zilikuwa zinahitaji ngoma, na mashirika yanayochimba visima nayo yalitaka kuchezewa kabla ya kufungua bomba. Zefania angesema nini? Kwamba kiongozi wa ngoma hasikii ngoma? Alinyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye alijiambia kwamba hayo ni ya wenye maradhi ya kuua.

Na kwa muda mambo yalikwenda. Vidole vilipiga, watu walilia walipotaka kulia, yeye alikaa katikati yao kama mtu aliyekaa jikoni vyombo vinaoshwa. Alijifunza kutazama nyuso. Uso wa Damari ukilegea, alijua pale palikuwa patamu. Kichwa cha rafiki yake Gaspari kikiinama, alijua mwisho umefika. Gaspari alikuwa mpiga zeze wake wa miaka thelathini, mtu wa maneno machache, na alikuwa akikaza nyuzi zake kwa kulifuata ilimba la Zefania tangu wakiwa vijana wa kutega kanga.

Kisha mke wa Samweli akazaa mtoto wa kwanza, msichana, wakamwita Redempta. Kila mtu alifurahi, na Zefania akaingiwa na baridi mwilini.

Maana kwao kulikuwa na desturi. Mwana wa kwanza akipata mtoto wake wa kwanza, baba yake humtengenezea mwana huyo ilimba, na siku ya kulilinganisha hukaa peke yake nyuma ya nyumba tangu jua linapochomoza mpaka linapozama. Watu wote husikia vile anavyogonga ulimi mmoja mmoja, ndani kidogo, nje kidogo. Likishatoka mkononi mwake limetoka. Hakuna anayeligusa tena kulisahihisha, maana kumsahihisha baba ni kumzika akiwa hai. Na mpangilio wenyewe wa sauti haukuwa na jina wala maandishi. Kinanda cha kanisa la Manyoni na kinanda cha Roma vina ngazi moja, mtu yeyote anaweza kuagiza kingine. Mpangilio wa ukoo huu haukuwa kwenye ngazi hiyo. Ulimi wa tatu ulikaa chini kidogo ya pale kinanda kingetaka, wa sita ukapanda kidogo, na kwenye hivyo vidogo viwili ndimo babu zake walimokuwa wamewekeza kila kitu. Baba yake hakumfundisha. Alimwacha asikie, akasikia, basi. Ulikuwa kichwani mwa Zefania, mahali pale pale daktari alipoweka alama.

Angeweza kusema wakati huo. Angesema, Samweli, chukua ilimba la babu, ulifuate mwenyewe kwa sikio lako, mimi sioni tena njia. Ingekuwa aibu ya siku moja. Badala yake alichukua uzi.

Alipima kila ulimi wa ilimba la zamani kwa uzi, akafunga fundo, akakata spoki ya baiskeli kwa urefu ule ule, akaiponda bapa, akaichomeka. Alikuwa fundi mwangalifu. Hakukosea hata unene wa ukucha. Siku ya desturi alikaa nyuma ya nyumba tangu asubuhi, akagonga, akabonyeza, akagonga tena, kama mtu anayesikiliza. Upande wa pili wa nyumba wanawake walikuwa wanapika na kusema, msikieni mzee, masikio yake hayajazeeka.

Lakini ndimi za lile la babu zilifuliwa na mhunzi aliyekufa kabla ya Uhuru, chuma kizito cha kuyeyushwa kwa mkaa. Spoki ni spoki. Urefu uleule, mlio mwingine. Angelijua hilo hata akiwa usingizini, zamani, kwa kusikia tu. Kwa macho hakulijua.

Jioni alimkabidhi mwanawe. Samweli alipiga, akasimama, akapiga tena.

"Ni zuri, baba," alisema. "Asante sana."

Zefania alitazama uso wake, na kwa mara ya kwanza hakuweza kuusoma.

Mazoezi ya Jumamosi yalipofika, kikundi kilianza wimbo ukakatika. Wakaanza tena, ukakatika tena. Wale vijana walitazamana, wakatazama chini. Mwisho Samweli alikuja mbele ya baba yake, akachuchumaa kama inavyopasa.

"Baba, hili jipya na haya mengine hayapatani. Tulifuate lipi?"

Hapo palikuwa na watu kama thelathini, na kuku, na upepo wa vumbi. Zefania aliwaza haraka kuliko alivyowahi kuwaza tangu augue. Akisema fuateni ya zamani, amekiri kwamba ilimba la desturi, la mwanawe, amelikosea. Na baada ya hapo watauliza alikoseaje. Na isitoshe, hakuwa na hakika. Labda yale ya zamani ndiyo yamelegea. Mtu asiyesikia anaweza kujishawishi lolote.

"Fuateni jipya," alisema.

Hakuna aliyebisha. Walikaa chini na nyundo ndogo na nta, wakasogeza ndimi za malimba manane mpaka yakakubaliana na lile la spoki. Iliwachukua mchana mzima. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia wanaolisikia hupatwa na nini. Samweli alifika mwisho kwenye lile la tisa, akasita na nyundo mkononi.

"Na hili la babu?"

"Nalo."

Ndivyo lilivyofanyika, mchana kweupe, na watoto wanakula mahindi ya kuchoma.

Majuma ya kwanza mabibi wawili watatu walisema ngoma ya siku hizi ina ugeni. Ikapita palizi, yakapita mavuno, hakuna aliyesema tena. Gaspari akaacha kuja mazoezini, akasema magoti. Nafasi ya zeze ikachukuliwa na kijana wa Itigi. Kikundi nacho kikapata jina: walialikwa Dodoma, wakaalikwa Singida mjini, watu wa redio wakaja na vinasa sauti vyao wakasema hawa wana sauti yao wenyewe, haifanani na ya mtu. Zefania alisikia sifa hizo kama mtu anayesifiwa kwa mtoto aliyemwiba.

Mwaka wa 2001, kiangazi, alikuja Bonaventura. Alikuwa mtoto wa Manyoni, baba yake alikuwa karani wa stesheni. Amesoma mpaka ng'ambo, sasa ni mwalimu wa chuo kikuu. Alikuja na gari, na kompyuta ya kukunja aliyoichomeka kwenye betri ya gari hilo. Alimwamkia Zefania shikamoo kwa kuinama mpaka magoti, na hilo likampendeza kila mtu. Akaeleza kazi yake kwa subira. Anasoma ubongo na muziki. Wataalamu wanaona kwamba ubongo ni kitu cha kukisia: unasikia mlio huu, unakisia utakaofuata, ukikuta ulivyokisia unatulia, ukikuta sivyo unashtuka, na huko kutulia na kushtuka ndiko watu wanakoita utamu. Basi wao wametengeneza programu inayokisia vilevile. Inamsikiliza mpigaji, inajifunza njia zake, kisha inamjibu.

"Inajifunza kwa nani?" Zefania aliuliza.

"Kwako, mzee. Hapa nataka ijifunze kwako."

Ilijifunza siku tatu. Walipiga malimba yote, nyimbo zote, na Bonaventura akachukua kila ulimi peke yake pia. Siku ya nne aliwaita watu, akaweka spika mbili juu ya meza ya kulia chakula, akamwomba Zefania apige kipande chochote. Zefania akapiga. Alipoacha, kompyuta ikajibu.

Watu walipiga kelele. Vijana walishika vichwa. Haikuwa kurudia alichopiga; ilikuwa inaendelea mbele kama ambavyo angeendelea yeye, na ile mitetemo ya buibui na kila kitu. Zefania alipiga tena, ikajibu tena, na katika jibu la tatu alimwona Damari akifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika.

"Umepiga kama siku ulizokuwa unakuja kwa baba kunichumbia," Damari alimwambia, kisha akakumbuka kwamba siye aliyepiga, akacheka huku analia. "Yaani limepiga. Hilo dude. Jamani."

Zefania alikiweka chombo mapajani. Alimgeukia Bonaventura.

"Mwanangu, hiyo inasikia?"

"Kusikia kama sisi, hapana. Inapima milio, inahesabu."

"Ikipiga patamu, inajua ni patamu?"

"Haijui, mzee. Sisi ndio tunajua. Yenyewe inaweka tu kinachoelekea kufuata."

"Na hailii."

"Hailii."

"Basi tumefanana," Zefania alisema. Watu walicheka, wakidhani ni utani wa mzee.

Angeweza kuishia hapo, na siri ingekwenda naye kaburini. Ila Bonaventura alisimama kuwashukuru. Alisema kompyuta hii imekwisha kushika mpangilio halisi wa sauti wa mababu, mpangilio usiopatikana kwenye kinanda chochote duniani. Alisema ataupeleka chuoni, utafundishwa, wanafunzi watatengeneza malimba kwa kuufuata, na hata sisi sote tukifa utabaki vilevile, haupungui. Watu wakapiga makofi. Samweli alikuwa anatabasamu, amempakata Redempta mwenye miaka miwili, anamwongoza viganja apige makofi naye.

Zefania alimtazama yule mtoto. Kosa lake lilikuwa linaenda kufundishwa kwa wajukuu wa watu asiowajua, kwa jina la babu yake.

"Si wa mababu," alisema.

Watu walimgeukia, kwa sababu alisema kwa nguvu. Akaanza kueleza, na akishaanza hakuweza kuacha: kiharusi, Jumatano ile, misumari kwenye sufuria, daktari na mchoro wake, uzi, spoki, siku nzima ya kugonga nyuma ya nyumba bila kusikia kitu. "Nimewadanganya miaka mitatu," alisema. "Wewe Mama Samweli nimekudanganya ukiwa unaguna wimbo kando yangu. Sikusikii. Sijakusikia ukiimba tangu niugue. Na ule mpangilio mliomwekea kwenye hilo sanduku lake ni makosa yangu tu, hauna babu."

Damari alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, vumbini, kama mtu aliyeambiwa kuna msiba. Samweli alimpa mkewe mtoto.

"Kwa hiyo siku ile nilipokuuliza," alisema.

"Siku ile sikujua lipi ni lipi."

"Nilikuuliza la babu, baba. Nilikuuliza mara mbili."

"Ulinijia kwa adabu."

"Ningekujia vipi?" Samweli alisema. "Mimi nilisikia. Siku ya kwanza ulivyonipa nilisikia limekosa. Nikasema nani mimi nimkosoe baba? Nikasema labda nina masikio ya kijinga ya reli." Akaondoka, akaenda akasimama nyuma ya gari la mgeni, na hakuna aliyemfuata.

Bonaventura, kijana wa watu, alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yake kama aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. Aliuliza kama ipo kanda yoyote ya zamani. Ilikuwepo moja, wajukuu wa jirani walirekodi taarabu juu yake zamani. Aliuliza kama mashine ikipewa lile la babu, ndimi zake za mhunzi, haiwezi kukisia zilikuwa wapi. Akajijibu mwenyewe kwamba haiwezi, ndimi zimeshasogezwa, na mashine haiwezi kukumbuka kitu ambacho haikuwahi kukisikia. Kisha Damari, bado yuko chini, akasema neno lake la kwanza.

"Gaspari."

Kila mtu akashtuka kwamba hakumfikiria. Miaka thelathini ya zeze. Tangu siku ile ya nyundo hajapiga na kikundi. Kama kuna kichwa kimoja chini ya jua kilichobaki na mpangilio ule, ni chake.

Walikwenda asubuhi yake, Zefania, Samweli na Bonaventura na kompyuta yake, kwa gari, ingawa ni mwendo wa kutema mate. Gaspari alikuwa kivulini anabangua karanga. Walisalimiana, mbukwa, mbukwa, vijana wakatoa shikamoo zao, wakaletewa vigoda. Zefania alimweleza yote bila kuzunguka. Gaspari aliendelea kubangua mpaka mwisho wa maelezo, kisha akapangusa mikono.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua naumwa?"

"Hilo sikulijua. Nilijua limekosewa. Nilikuwepo ulipompa mtoto, nikasikia ulimi wa tatu umekaa vibaya, nikasema huyu ana lake. Labda amepewa mpango mpya na wakubwa zake, mimi si wa ukoo wenu. Jumamosi yake mkazigonga ndimi za mengine yote zilifuate. Nikarudi nyumbani."

"Kwa nini hukuniambia, Gaspari? Wewe?"

"Nikuambie nini, Zefania amekosea? Wewe ndiye uliyekuwa kipimo. Nikupime kwa nini?"

Samweli alipiga magoti mbele yake. Alimwomba, baba mdogo, zeze lipo? Likaze tu kama zamani. Ukitupa nyuzi mbili tu, mimi nitazitafuta nyingine, nitayarudisha malimba yote, hata nikikesha mwaka mzima. Bonaventura alikuwa amekwisha kufungua kompyuta kwenye mapaja, kidole kimeelea juu ya kitufe.

Gaspari aliingia ndani, akatoka na zeze limejaa vumbi na masizi. Akakaa, akalipangusa, akaanza kukaza. Alikaza uzi wa kwanza kwa muda mrefu, akaukwaruza kwa upinde, akatikisa kichwa, akaulegeza. Akaukaza tena. Zefania alimtazama usoni, maana hicho ndicho kitabu pekee alichobaki nacho, na akaona furaha ikija, halafu akaiona ikisimama. Gaspari alirudi mwanzo. Alifumba macho. Alilegeza nyuzi zote kabisa, akakaa kimya, kama mtu anayesubiri wageni waondoke ndani ya nyumba ndipo aongee na watu wake. Akakaza upya. Upinde ukapita, na Samweli akainamisha kichwa, kwa sababu sauti iliyotoka ilikuwa ile ile ya kikundi, ya spoki, ndiyo iliyokuwa ikija kutoka redio ya jirani miaka miwili.

"Inakuja hii yenu," Gaspari alisema. "Kila nikiita ile, inakuja hii. Nilikuwa nayo. Mwaka jana nilikuwa nayo, naapa, nilikuwa naiimba kichwani nikichunga. Ngoja." Akasogeza tena, juu kidogo, chini kidogo. "Ngoja kwanza. Ilikuwa kama hivi." Akapiga. "Au hivi."

Alipiga ya kwanza, akapiga ya pili, akarudia ya kwanza. Kisha akafanya alichokuwa amefanya kwa miaka thelathini kila alipokwama: akainua uso kumtazama Zefania, anasubiri jibu. Samweli naye akainua uso. Hata Bonaventura, aliyesoma mpaka ng'ambo na kuujua ubongo kipande kwa kipande, alimgeukia yeye.

"Zefania, ndugu yangu," Gaspari alisema, machozi yanamshuka hadi kidevuni, "niambie. Ni hii, au ile ya kwanza?"

Zefania alikuwa amesikia upinde ukikwaruza waya mara tatu.

"Sijui," alisema. "Zote naona ni sawa."